Barua ya Wazi kwa Wasimamizi wa Kumbi za Maonyesho Nairobi: Kila Mchezo Wetu Ni Harambee ya Kodi Yenu

Kwa bodi, wakurugenzi na mameneja wa kumbi za maonyesho jijini Nairobi.





Mimi ni mweka hazina wa kikundi cha maigizo kutoka Eastlands. Jukwaani hamjawahi kuniona. Mimi ndiye yule mama anayekaa mezani pale mlangoni na simu mbili na daftari, akisoma ujumbe wa M-Pesa wa kila anayeingia na kumgonga muhuri mkononi. Mchezo ukiisha, waigizaji wakiwa bado wanapigwa picha na mashabiki, mimi huwa nimeshaitwa ofisini mwenu kumalizia salio la kodi.

Nawaandikia hadharani kwa sababu barua za ndani tumeziandika. Zilipigwa muhuri wa kupokelewa, tukarudishiwa nakala, basi. Baadhi ya wenzangu wamenisihi niache, wasije wakanyimwa tarehe. Nimewajibu kwamba tarehe zenyewe tayari tunanyimwa.

Sitautaja ukumbi wowote kwa jina katika malalamiko yetu. Kumbi zinazofaa kwa maigizo katika jiji hili ni za kuhesabika, na kila mmoja wenu atapajua palipo pake. Wapo wachache kati yenu wanaotutendea utu, nao pia wanajijua.

Neno langu ni hili. Kwa jinsi mnavyokodisha, kila mchezo tunaouweka jukwaani Nairobi umekuwa harambee ya kulipa kodi yenu. Mtazamaji anadhani anaichangia sanaa, kumbe anauchangia ukumbi. Msimu wa Novemba na Desemba unabisha hodi. Tuna mchezo mpya wa Kiswahili, tuna vichekesho vya kabla ya Krismasi, na tuna usiku mmoja wa mchango kwa ajili ya fundi wetu wa taa aliyelazwa hospitalini. Kabla hatujatoa dipoziti nyingine, naomba tuzungumze.

1. Tarehe tuliyoilipia haiwi tarehe yetu.

Tulikodi ukumbi mmoja, Ijumaa hadi Jumapili, wikendi ya mwisho wa mwezi. Kila mtu wa maigizo anajua kwa nini wikendi hiyo hugombewa: mishahara imeingia, na mtu anayekuahidi tarehe 14 kwamba atakuja huwa anamaanisha tarehe 30. Dipoziti tukalipa, risiti tukapewa. Mabango yakachapishwa, picha zikasambazwa kwenye makundi ya WhatsApp, tiketi zikaanza kununuliwa. Jumanne ya wiki yenyewe simu ikalia. Kuna kampuni inazindua bidhaa, inautaka ukumbi Jumamosi kutwa nzima hadi usiku. "Nyinyi ni watu wetu, mtatuelewa. Sogeeni kidogo."

Tukasogezwa hadi wikendi ya pili ya Januari. Mwezi huo wakazi wa jiji hili huuita Njaanuari, nanyi mnajua kwa nini. Hakuna mzazi anayenunua tiketi ya mchezo wiki anayotafuta karo. Dipoziti haikurudishwa, ilisogezwa pamoja nasi. Jumamosi ile, waliokuwa hawajaliona tangazo la kuahirisha walifika getini wamevaa vizuri, askari akawaambia leo ni watu wa kampuni. Nilisimama kando ya barabara nikiwarudishia pesa mmoja mmoja kwa simu, ada ya kutuma ikiwa juu yetu. Mama mmoja alikuwa ametoka Kitengela na watoto wake. Yule hatanunua tiketi ya mchezo tena, wala simlaumu.

Ahadi ni deni, wakubwa zangu, na deni mlilolikopa nyinyi tulililipa sisi.

Jambo hili lina historia, na wengi wenu mnaijua vizuri kuniliko. Kenya National Theatre ilifunguliwa mwaka wa 1952, mwaka uleule serikali ya kikoloni ilipotangaza hali ya hatari, na kwa muda mrefu jukwaa lake lilikuwa la vikundi vya Wazungu. Oktoba 1976, nchi ikiwa huru tayari, kikundi kilichokuwa kikiandaa michezo ya kuiwakilisha Kenya katika tamasha la FESTAC mjini Lagos kilihitaji jukwaa hilo. Michezo yenyewe ilikuwa The Trial of Dedan Kimathi, ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Mũgo, na Betrayal in the City, ya Francis Imbuga. Wakaambiwa nafasi ni finyu: kulikuwa na baleti kutoka Ufaransa, na kulikuwa na mchezo wa kuchekesha wa kikundi cha wageni wakazi wa mjini. Wakapewa siku chache zilizobanwa katikati. Watu wakafurika. Februari 1982, kikundi cha Kamĩrĩĩthũ kilipokwenda ukumbini humo na mchezo wa Maitũ Njugĩra, kilikuta milango imefungwa.

Siwafananishi nyinyi na serikali za wakati ule. Nasema tu kwamba watu wa maigizo nchini wamepigania mengi, na kila mara vita vimeanzia kwenye tarehe. Zamani aliyetuondoa jukwaani alikuwa na baleti ya Ufaransa. Siku hizi ana uzinduzi wa sabuni mpya ya kuogea.

2. Mnalipwa kabla pazia halijafunguliwa, kwa hiyo mchezo hauwahusu.

Hebu tuhesabu pamoja. Nambari hizi ni za mfano, nimezisawazisha ili zihesabike upesi, lakini mtazitambua.

Ukumbi una viti 300, na tiketi ni shilingi 1,000. Usiku huo nusu ya viti vimepata watu, yaani 150, na 30 kati yao wameingia bure: wageni wenu, waandishi wa habari, mdhamini na jamaa zake. Waliolipa ni 120, kwa hiyo tuna shilingi 120,000. Kodi ya ukumbi ni 60,000. Taa na vipaza sauti vya kukodi, maana nusu ya taa zenu zimeungua, ni 20,000. Mabango na matangazo, 10,000. Lori la kubebea mandhari, 8,000. Leseni na ada ndogondogo, 5,000. Jumla 103,000. Zinabaki 17,000 za kugawana waigizaji kumi na mafundi wanne. Kila mmoja anaondoka na takriban shilingi 1,200, na hayo ndiyo malipo ya usiku ule pamoja na majuma yote ya mazoezi, nauli ya kwenda mazoezini ikiwa humo humo.

Wakija watu 80 wa kulipa badala ya 120, sisi tuna deni la shilingi 23,000. Nyinyi bado mna 60,000 zenu.

Sasa tuhesabu kwa utaratibu mwingine, ambao kumbi nyingi duniani zinautumia: ukumbi unachukua sehemu ya mapato ya mlangoni, tuseme asilimia 30. Usiku wa watu 120 mngepata 36,000, nasi tungebaki na 41,000. Ndiyo, nyinyi mmepungukiwa 24,000. Lakini usiku ukumbi unapojaa, wakawa 270 wamelipa, mngeondoka na 81,000 badala ya 60,000. Mkiogopa usiku mbaya, wekeni kiwango cha chini, shilingi 20,000 kwa mfano, za stima, askari na usafi, kisha asilimia ianzie hapo. Hatutabisha.

Tena zile 21,000 za ziada ndizo faida ndogo. Faida kubwa ni kwamba mngekuwa na haja ya kuuona ukumbi ukijaa. Mngetutangaza kwenye kurasa zenu. Mngebadilisha zile balbu. Mngetuuliza, miezi miwili kabla, mchezo wenyewe unahusu nini, swali ambalo sijawahi kuulizwa na meneja wa ukumbi tangu nishike daftari hili. Ninachoulizwa ni kama salio liko tayari. Kwa mkataba wa sasa, watazamaji wakiwa 20 au 200, kwenu ni mamoja.

Na kodi hiyo ndiyo inayotuchagulia michezo. Nasikia wakubwa wa utamaduni wakinung'unika kwenye makongamano kwamba michezo ya Nairobi imekuwa ya namna moja: sofa, mume, mke na mpango wa kando. Sofa ni rahisi kubeba. Waigizaji wanne wakigawana 17,000, hubakiwa na heshima kidogo. Mwandishi kijana akiniletea tamthilia ya watu kumi na wanane, yenye ngoma na vizazi vitatu, naisoma usiku kucha, naipenda, kisha namwambia tungoje kwanza. Nimewaambia wengi tungoje. Wengine sasa wanaandikia televisheni, na mmoja anauza simu Luthuli Avenue.

3. Usiku wa mchango mnatutoza zaidi ya usiku wa mchezo.

Hapa ndipo panaponiuma kuliko kote.

Watu wa maigizo katika nchi hii hawana pensheni, na wengi hawana bima wanayoweza kuitegemea. Mtu akiugua, matibabu ni nambari ya simu inayozungushwa kwenye WhatsApp. Benson Wanjau, Mzee Ojwang wa Vitimbi, alituchekesha kwa miongo. Macho yalipomsumbua uzeeni, Wakenya walichangishana ili atibiwe. Alifariki Julai 2015. Ikiwa mtu aliyejulikana katika kila nyumba yenye televisheni alihitaji kuchangiwa, fundi wa taa, ambaye kazi yake akiifanya vizuri hakuna anayemwona, atachangiwa na nani?

Ndiyo sababu tuna desturi ya onyesho la hisani. Kikundi kinaigiza bila malipo na mapato yote yanakwenda kwa mgonjwa, au kwa familia ya marehemu. Waigizaji hutoa jasho lao. Mwenye matbaa hupunguza bei ya mabango. Mwenye lori huja kwa pesa za mafuta tu. Ukumbi ndio pekee unaopandisha. Mara ya mwisho tulielezwa kwamba usiku wenye hotuba na kikapu cha mchango hauhesabiwi kuwa mchezo, ni hafla, na hafla ina bei yake, kubwa zaidi. Nikauliza kama hotuba za dakika ishirini zinatumia stima nyingi kuliko mchezo wa saa mbili. Karani alicheka, akanipa invoisi.

Yakafuata mengine. Safu mbili za mbele ziachwe kwa wageni wa ukumbi. Wageni hao walikuja watatu, wakakaa hadi mapumziko, wakaondoka pasipo kutia hata mia kikapuni, huku watu waliolipa wamesimama ukutani nyuma. Kisha chai. Akina mama wa kikundi walikuwa wamepika mandazi ya kuuza ili kuongeza mchango. Birika na beseni zikazuiwa getini, kwa kuwa chai yote lazima inunuliwe kwa mkahawa wa ukumbi. Mandazi yaliliwa na waigizaji nyuma ya jukwaa na kwenye lori wakirudi nyumbani. Yalikuwa matamu, lakini hayakumlipia mtu kitanda cha hospitali.

Katika kila harambee ya nchi hii lazima mtu asimame aseme kwamba kutoa ni moyo. Nasi tunaomba ukumbi nao utoe.

Mtasema wapo matapeli wanaoita kila kitu mchango. Wapo, na wametuharibia jina. Basi wekeni masharti. Atakayetaka bei ya hisani alete barua ya hospitali au ya chifu. Pesa zilipwe kwa nambari ya paybill ya hospitali yenyewe, zisipitie mfukoni mwa mtu, hata mfukoni mwangu. Hesabu ibandikwe mlangoni mwa ukumbi ndani ya siku 14, na kikundi kitakachoshindwa kisipewe tena. Masharti hayo tutayatia sahihi leo.

4. Hakuna anayejua kuna nini wikendi hii.

Kila ukumbi una daftari lake la tarehe nyuma ya kaunta, linalindwa kana kwamba ni la siri za serikali. Matokeo yake ni kwamba Jumamosi moja utakuta vichekesho viwili, tamthilia ya Kiingereza na usiku wa mchango vyote vinamgombea mtazamaji yuleyule, na wikendi inayofuata jiji zima liko kimya. Watalii huniuliza mlangoni kesho kuna nini kwingine. Huwa nawajibu kwa kubahatisha kutokana na picha zilizofika kwenye simu yangu. Jiji lenye watu zaidi ya milioni nne halina ukurasa mmoja wa pamoja, wenu nyinyi wenye kumbi, unaosema wapi, lini, saa ngapi, bei gani. Kazi ya kuutengeneza haimalizi hata asubuhi moja ya karani mmoja kwa mwezi.

5. Saa.

Hili nitalisema kwa ufupi. Mnatukabidhi ukumbi saa kumi na moja jioni kwa sababu kulikuwa na semina mchana, mchezo unapaswa kuanza saa kumi na mbili unusu, na ikifika saa tatu usiku askari anaanza kuzungusha funguo. Hapo ndani ya saa moja na nusu tunajenga nyumba, tunaning'iniza taa na kujaribu sauti. Tukichelewa kuanza, mtazamaji wa Rongai au Kayole anaondoka kabla ya mwisho, kwa sababu nauli ya usiku haina huruma na matatu ya mwisho haimngoji mtu. Tupeni ukumbi kuanzia saa sita mchana, au mtupe Jumapili saa tisa alasiri kwa bei nafuu. Familia zimeshatoka kanisani, na jua bado lipo.

6. Vyumba vya kubadilishia maleba si stoo ya viti vibovu.

Hili halihitaji maelezo.

Najua mtakalonijibu, kwa sababu nimejibiwa hivyo kaunta kwa kaunta. Stima ni ghali. Paa linavuja. Bodi imeweka lengo la mapato na meneja atapimwa kwa lengo hilo. Harusi na uzinduzi hulipa mara tatu. Yote ni kweli. Lakini niambieni, Jumatatu hadi Alhamisi usiku kumbi zenu zina nani? Nimepita huko. Taa za nje zinawaka, askari yuko, mshahara wake unahesabika, na ndani hamna mtu. Usiku huo mtupu hauwapi hata shilingi. Mkiutoa kwa mgawo wa mlangoni, hamna mnachopoteza.

Tena mkumbuke yaliyokwisha kutokea katika jiji hili. Phoenix Players iliigiza kwa zaidi ya miaka thelathini katika ukumbi mdogo wa Professional Centre, Parliament Road. Waigizaji wengi tunaowaona sasa kwenye televisheni walipitia hapo. Mwaka wa 2017 ilitolewa kwa sababu ya malimbikizo ya kodi. Majumba ya sinema ya katikati ya jiji nayo yalipokosa watazamaji, kadhaa yaligeuka makanisa. Sina neno na makanisa, hata mimi nasali. Lakini jumba likishaacha kuwa la maonyesho, halirudi.

Na msidhani hatuna kwingine kabisa. Mwandishi Wahome Mutahi, aliyetuacha mwaka wa 2003, aliipeleka michezo yake ya Gĩkũyũ kwenye baa za Nairobi. Mwenye baa alifurahi kuona viti vimejaa, maana kila kiti kilikuwa na kinywaji mbele yake. Ule ulikuwa ubia wa kweli, ingawa haukuitwa hivyo: mchezo ukivuta watu, wote wawili wanakula. Leo vijana wanaigiza kwenye mikahawa, kwenye paa za majengo, kwenye kumbi za kijamii za mitaa, na wanajaza. Mtakapotuhitaji ili bodi zenu ziandike katika ripoti ya mwaka kwamba ukumbi unakuza sanaa, huenda tukawa mtaani Kaloleni.

Tamasha la maigizo la shule na vyuo limekuwapo tangu 1959. Kila mwaka maelfu ya watoto husimama jukwaani na kupigiwa makofi, na Aprili 2025 sote tuliona jinsi mchezo wa wasichana wa shule, Echoes of War, ulivyoitikisa serikali hadi polisi wakarusha vitoa machozi Nakuru. Nguvu hiyo ipo. Watoto hao wakimaliza kidato cha nne na kuja mjini, wanaingia katika vikundi kama chetu, ambavyo vinaishi kwa kuzunguka mashuleni na vitabu vinavyotahiniwa. Ni tamthilia ya Bembea ya Maisha ya Timothy Arege, iliyochezwa kwenye kumbi za kulia chakula na chini ya miti, iliyotulipia mandhari ya mchezo mpya wa mjini. Yaani pesa za mwanafunzi wa Machakos zimekuja kuwalipa nyinyi kodi. Sijui kama mmewahi kulifikiria hivyo.

Tunachoomba, basi, ni hiki.

Kwanza, mkataba unaoheshimu tarehe. Ukumbi ukiivunja tarehe iliyolipiwa chini ya siku 30 kabla ya onyesho, urudishe dipoziti yote na ulipe gharama za mabango na za kurudishia watu pesa. Sisi tukiivunja, mbaki na dipoziti. Mizani iwe moja.

Pili, kila kikundi kipewe hiari ya kuchagua kati ya kodi kamili na mgawo wa mlangoni wenye kiwango cha chini. Jaribuni kwa msimu mmoja tu, kuanzia usiku wa katikati ya wiki. Hesabu nitawaletea mimi mwenyewe, mwaka baada ya mwaka nimeziandika.

Tatu, bei ya hisani kwa maonyesho ya hisani, kwa masharti niliyoyataja, pasipo kulazimisha viti vya wageni wa ukumbi wala chai ya mkahawa.

Nne, kalenda ya pamoja, itolewe kabla ya tarehe 25 ya kila mwezi. Sisi tutaisambaza bure.

Na mwisho, mtukutanishe. Hakuna bodi ya ukumbi ninayoijua ambayo imewahi kuwaita waweka hazina wa vikundi mezani. Waelekezi mnawaalika kwenye hafla, waigizaji mnapiga nao picha. Waiteni na wanaohesabu pesa. Tuna maneno machache na tunafika kwa wakati.

Kwa upande wetu, vikundi kadhaa vya Eastlands tumekubaliana kwamba kuanzia Januari hatutatoa dipoziti kwa ukumbi wowote ambao mkataba wake unauruhusu kutuondoa pasipo fidia. Kama itatubidi kuigiza kwenye kumbi za kijamii za mitaa mwaka mzima, tutaigiza huko, na watazamaji wetu tutakwenda nao.

Lakini Novemba bado tunawataka nyinyi. Usiku wa mchango wa fundi wetu tunauomba Jumamosi ya mwisho ya mwezi huo, ukumbi kuanzia saa sita mchana, mchezo saa kumi na mbili unusu. Barua ya hospitali tunayo. Tafadhali tuambieni kama tarehe ipo, na mkishatuambia ipo, iwe ipo.

Wenu mtiifu,

Mweka hazina wa kikundi cha maigizo,
Eastlands, Nairobi.